Maji ya Upande wa Abiria

Kama kuna mtu duniani aliyepaswa kujua maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, ni Mzee Mabomba. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia idara ya maji, akizunguka mitaani na fimbo ndefu ya chuma. Anaisimika chini, anabandika sikio kwenye ncha ya juu, anafumba macho, anasikiliza mabomba yanavyolalamika huko ardhini. Akisema "chimbeni hapa", watu walichimba, na bomba lililopasuka likakutwa pale pale. Sikio lake lilisifiwa hata na wakubwa wake, watu ambao kwa kawaida hawakuwa na nafasi ya kusifu kitu kisichokuwa chao. Sikio hilo hilo, akishavuka kizingiti cha nyumba yake, alilitia pamba.

Sasa Mzee Mabomba alikuwa na gari. Tena si gari la hivi hivi, kama haya mnayoyaona kila kona. Lilikuwa gari la zamani, la rangi ya maziwa, lenye taa za duara na ukanda wa chuma kinachong'aa ubavuni. Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akihama, wakati binti yake mkubwa bado anatambaa. Kila Jumapili aliliosha, akalifuta, akalizunguka, akarudi nyuma kuliangalia kama kijana anayekwenda kuposa. Wapita njia walisimama. Maharusi wa mtaani waliomba kupiga picha wakiliegemea, naye akajifanya anakubali kwa shingo upande, kumbe moyoni amefurahi hadi basi. Kuliegemea, ruhusa. Kuingia ndani, hapana, kwa sababu ndani mlikuwa na kisima.

Si utani. Mvua ikinyesha, hata ile ya rasharasha, sakafu ya upande wa abiria ilijaa maji. Upande wa dereva, kukavu, unaweza kulaza mtoto. Upande wa pili kapeti lilinyonya mpaka ukilikanyaga linatoa sauti, na harufu yake ilikuwa ya soksi zilizosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Msimu mmoja wa mvua uliota uyoga chini ya kiti. Mzee Mabomba aliung'oa kimyakimya, akautupa nyuma ya nyumba, asimwambie mtu. Bahati mbaya, aliyekuwa anakaa upande ule alikuwa na macho, na alikuwa ameshauona tangu juzi.

Aliyekuwa anakaa upande ule ni mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alishona mapazia na sare za shule kwenye chumba cha mbele, dirisha likiangalia barabara. Wanawake wengine wakipanda magari ya waume zao hubeba mkoba. Yeye alibeba kandambili za plastiki, taulo kuukuu, na kipande cha ubao cha kuwekea miguu ili isiogelee. Viatu vyake vya kutokea alivishika mapajani mpaka wafike. Siku moja daktari alitazama vidole vyake vya miguu, jinsi vilivyochubuka na kugeuka vyeupe, akamuuliza kwa huruma, "Mama, unalima mpunga?"

"Hapana, daktari," akajibu. "Mume wangu ana gari."

Msidhani Mzee Mabomba alikaa mikono nyuma. Thubutu! Aliutafuta uvujaji ule kwa utaratibu wa kitaalamu, na utaratibu wenyewe ulikuwa huu: mkewe anaingia ndani na tochi, anakaa kwenye kiti cha abiria, milango inafungwa, yeye anabaki nje na mpira wa maji. Haikuwahi kuwa kinyume. Mwenye gari ndiye mwenye mpira, na mwenye mpira halowi.

"Unaona nini?" anapiga kelele kutoka nje.

"Yanatoka juu," mkewe anajibu. "Huku nyuma ya dashibodi. Yananidondokea gotini."

"Haiwezekani! Juu hakuna maji. Angalia chini."

"Chini yamefika. Lakini yametoka juu."

"Mama watoto, kazi hii nimeifanya tangu wewe hujashika sindano. Maji huanzia pale yanapoonekana. Angalia chini!"

Basi anaangalia chini. "Haya, chini kuna maji."

"Si unaona!" anasema bwana mkubwa, na moja kwa moja anakwenda kuchukua silikoni, ile gundi ya kuzibia.

Ee, silikoni. Lile bomba la silikoni nyeupe ndilo lililokuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Bomba zuri halina tundu, hiyo ndiyo elimu aliyotoka nayo kazini, na gari akalipima kwa elimu hiyo hiyo. Tundu lolote aliloliona alilihesabu kuwa adui. Aliziba matundu ya sakafuni. Akaziba vijitundu vya chini ya milango, ambavyo waliotengeneza gari waliviweka makusudi ili maji yanayopenya kwenye vioo yapate pa kutokea. Lakini waliotengeneza gari walikuwa wanajua nini? Akaziba na tundu moja nyuma ya madigadi ya mbele, kwa sababu kila mvua ikikatika aliona maji yakichuruzika pale, na kitendo hicho kilimuudhi sana. "Yanatoka hapa," alisema, "kwa hiyo yanaingilia hapa." Akabandika tonge la silikoni, akalikandamiza kwa kidole gumba, akaridhika.

Matokeo yake milango nayo ikaanza kuweka akiba. Ukifunga mlango unasikia maji yanacheza ndani kama dumu lililojaa nusu. Mkewe alimwambia. Akajibiwa kwamba huo ni mlio wa chuma cha zamani, chuma cha siku hizi hakiwezi kulia hivyo. Mkewe akarudi kwenye cherehani yake. Na maisha yangeendelea hivyo hivyo, kama si mjukuu.

Binti yao mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, alijifungua mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza! Bibi mtu aliweka pembeni mapazia ya watu, akaanza kushona: vigauni, kofia, na kiblanketi cheupe alichokidarizi pembe zote nne kwa mkono wake mwenyewe. Akavipanga kwenye boksi, akavifunika kwa karatasi laini, akamwomba mumewe ampeleke stendi ya mabasi akavitume. Mvua ilikuwa inanyesha. Boksi lilikaa mapajani mwake, juu ya taulo. Karibu na stendi, mwendesha baiskeli alikatiza mbele, Mzee Mabomba akakanyaga breki, na kutoka nyuma ya dashibodi maji yakamwagika kwa mkupuo, kama mtu amepindua bakuli, moja kwa moja ndani ya boksi.

Mzee Mabomba aligeuka, akaona. Ungetegemea aseme pole.

"Usijali, mama watoto," alisema. "Hayo ni maji ya mvua, safi."

Safi! Maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai, yamelala na kutu na majani yaliyooza kwa muda anaoujua Mungu. Mkewe alilifunga boksi. Hakupiga kelele, hakulia, hakusema hata "umeona?" Alirudi nyumbani akakifua kile kiblanketi, akakiloweka, akakisugua kwa ndimu, akakianika. Doa la kutu likabaki katikati, kubwa kama kiganja.

Ndipo akamfuata mumewe uani, alikokuwa anafuta vumbi kwenye taa za gari.

"Jumamosi nakwenda kwa mwanangu kumwona mtoto," alisema. "Gari likiwa kavu, nakwenda na wewe na narudi na wewe. Likiwa na maji, napanda basi. Na mambo ya kurudi tutayajulia huko huko. Chumba ameniambia kipo, na cherehani ni mzigo unaobebeka."

"Kwa ajili ya maji tu?" Mzee Mabomba aliuliza.

Mkewe alimtazama weee, halafu akaenda kuanua nguo.

Mwanzoni alicheka. Akaiambia nguzo ya uani kwamba wanawake wana mambo. Kisha akaingia ndani kutengeneza chai, akasimama jikoni bila kujua sukari iko kopo gani, na cherehani ikawa haisikiki. Kila siku cherehani ile ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, yeye akilalamika kwamba inamharibia taarifa ya habari. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kikamwingia kifuani. Akaogopa. Niseme wazi, kwa sababu mwenyewe asingesema: aliogopa mpaka akamwaga majani ya chai.

Kesho yake akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi rangi wa magari. Huyu naye alikuwa na kipaji cha pekee. Hakuna ugonjwa wa gari aliokuwa haujui, ila hakuna aliowahi kuupatia mara ya kwanza. Akalizunguka gari, akabonyeza hapa, akagonga pale, akatoa hukumu: "Raba ya kioo cha mbele imekufa, shemeji. Imekufa na kuzikwa."

Wakanyunyiza poda ya mtoto pembezoni mwa kioo kwa ndani, ili maji yakipita yaache njia. Wakatandaza magazeti sakafuni. Wakamwagia kioo maji mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuna moto. Poda ikabaki kavu, imetulia. Magazeti yakalowa.

"Basi ni paa," alisema shemeji.

Wakalimwagia paa peke yake, polepole, kutoka nyuma. Paa lilikuwa halina habari.

"Basi ni umande," alisema shemeji, na akakaa chini kuvuta sigara.

Ikabidi mtu akae ndani. Mzee Mabomba akaita kwa sauti ya upole, sauti ambayo hata yeye mwenyewe ilimshangaza. "Mama watoto! Njoo ukae kidogo tu, utuambie unaona nini."

Mkewe akatoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Sikai."

"Sasa tutajuaje?"

"Kaa wewe. Nipe mpira."

Shemeji ghafla akaona kuna jambo la muhimu sana kwenye tairi la nyuma, akaenda kuliangalia.

Mzee Mabomba akaingia upande wa abiria, akafunga mlango. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza anakaa kwenye kiti kile. Kiti chenyewe kilikuwa kimebonyea, na springi moja ilimchoma pajani. Kishikio cha kufungulia kioo kilikuwa kimekatika. Mkewe alimwambia zamani, akajibiwa kwamba kioo cha upande ule hakina haja ya kufunguliwa. Akaweka miguu juu ya ubao, magoti yakamfika karibu na kidevu. Hivi ndivyo anavyokaa? Safari nzima?

Akamulika tochi chini ya dashibodi. Huko juu, gizani, kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye nyaya. Akakisogelea. Kilikuwa kimfuko cha kitambaa kizito, kimeshonwa mara mbili, kina kikamba cha kukazia, na kimetegeshwa ili kidake matone. Kitambaa akakitambua. Yalikuwa mapazia ya sebuleni waliyoyashusha wakati binti mkubwa bado yuko shule ya msingi. Kimfuko kilikuwa kimeoza mshono wa chini, kikashonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, halafu kikashonwa tena.

Mzee Mabomba akaona haya. Uso ukamshuka, akashukuru kwamba vioo vimejaa ukungu.

Nje, mkewe hakumwagia mlango wala paa. Aliusogeza mpira kwenye vitobo vya kuingizia hewa, pale chini ya kioo cha mbele, akaacha maji yatiririke taratibu. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha tone. Kisha kimfuko kikavimba, kikafurika, na maji baridi yakamwagikia Mzee Mabomba gotini, yakashuka mpaka kwenye soksi.

"Yanatoka juu!" alipiga kelele.

"Unasemaje?"

"Juu! Yanatoka juu!"

"Haiwezekani," alisema mkewe, na hakufunga maji.

Shemeji huko kwenye tairi alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Mzee Mabomba alitoka amelowa kuanzia kiunoni hadi miguuni. Wakaanza kazi. Wakafungua bati la chini ya vile vitobo, na mambo yakawa wazi: kulikuwa na kisanduku cha chuma kinachopokea maji ya mvua, kama yalivyokusudiwa kupokelewa, ili yatokee pembeni kwa tundu dogo nyuma ya madigadi. Tundu lisipopitisha, kisanduku kinajaa, na kikijaa kinamwagia pale hewa inapoingilia ndani. Shemeji akalala chini, akaingiza kichwa nyuma ya tairi.

"Lo! Hapa pamezibwa kwa silikoni," alisema. "Mshenzi gani aliyefanya hivi?"

"Atakuwa yule mhandisi aliyeniuzia," Mzee Mabomba akajibu haraka.

Mkewe akainama, akaangalia lile tonge jeupe. Katikati palikuwa na alama ya kidole gumba, imekaa vizuri, na mstari wa kovu ukiipita. Akamtazama mumewe kidole.

"Mhandisi huyo alikuwa na kovu kama lako," alisema.

Mzee Mabomba akakitazama kidole. "Ni mimi," alisema. "Niliziba mimi."

Akachukua bisibisi akaling'oa tonge mwenyewe. Maji yaliyokuwa yamefungiwa yakatoka kwa hasira, na kutu, na majani, na mjusi mmoja mkavu, vyote vikampata shemeji usoni, kwa kuwa hakuna aliyemkumbusha atoke. Matusi aliyoyatoa siyaandiki. Kisha Mzee Mabomba akazunguka mlango kwa mlango, akichokoa kazi ya mikono yake, kila tundu likikojoa maji yaliyokuwa yanalia kama chuma cha zamani. Alifanya hivyo siku nzima, magoti kwenye simenti, bila redio na bila maelezo. Siku zilizofuata akakwangua kutu, akapaka rangi, akaanika kapeti juani mpaka likakumbuka rangi yake, akabadilisha springi ya kiti, akatafuta kishikio cha kioo kwenye maduka ya vyuma chakavu mpaka akakipata.

Jumamosi kulipambazuka na mvua, tena si rasharasha. Mzee Mabomba alisimama mlangoni roho juu, akitazama maji yanavyopiga boneti. Mkewe akatoka na begi mkononi. Miguuni alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya ngozi, vile vya kutokea. Mzee Mabomba aliviona. Akamfungulia mlango, jambo ambalo majirani wawili walilishuhudia na kulisimulia baadaye bila kuaminiwa.

Wakaondoka. Mvua ikapiga, vitobo vikapokea, tundu likatoa, na sakafu ikabaki kavu. Sasa mnadhani mtu huyu alikaa kimya akamshukuru Mungu? Hawajamaliza hata nyumba za mwisho za mji, ameshaanza. Tatizo la watu, alisema, ni kukimbilia kuziba kabla ya kuchunguza. Mtaalamu hukaa ndani, akatulia, akasikiliza. Alivyogundua yeye kwamba yanatoka juu, ilikuwa ni uzoefu tu. Mkewe alikuwa anatazama nje, kioo kimefunguliwa kidogo, cha kupitisha hewa.

"Kuna kitu kinagonga upande wangu," alisema.

Mzee Mabomba akanyamaza, akatega sikio. Sikio lile lile lililosikia mabomba chini ya lami. Alisikia injini, sawa kabisa. Alisikia mvua. Hakukuwa na kitu kinachogonga, angeweza kuapa, na jibu lilikuwa limeshampanda mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akawasha taa ya pembeni, akasogea ukingoni mwa barabara, akasimamisha gari.

Akashuka bila mwavuli. Akapiga magoti kwenye matope, akashika nati za tairi moja moja, akalitikisa gurudumu, akagonga madigadi kwa ngumi, akabandika sikio kwenye bati na kusikiliza, maji yakimwingia kwenye kola. Lori likapita, likamrushia tope mgongoni. Alizunguka upande wa pili, akaangalia na huko. Aliporudi na kukaa kwenye usukani hakuna sehemu yake iliyokuwa kavu.

"Sijaona kitu," alisema, akihema. "Lakini acha nivute pumzi nikaangalie tena. Kinagonga vipi? Ukipita kwenye shimo, au muda wote?"

"Hakuna kinachogonga," alisema mkewe. "Nilitaka kuona kama utasimama."

Mzee Mabomba alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. Kama machozi yalikuwepo, mvua ilimsitiri. Mkewe akachukua mtandio wake mabegani, akamfuta paji la uso, akamfuta na masikio, moja baada ya jingine.

"Washa gari, baba watoto," alisema. "Tutarudi wote."